Tundu la Ua wa Minyaa

Paukwa!

(Pakawa!)

Hamjaamka nyie. Nasema, paukwa!

(Pakawa!)

Pakawa ng'ombe wawili wa mama mmoja, huyu wa huyu, yule wa yule, na ua katikati. Sasa nyamazeni. Wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna polepole. Hadithi hii ina mtu anayechungulia, na anayechungulia hapendi kelele.

Hapo kale, katika kijiji nisichokitaja, maana wajukuu wao huenda wamekaa hapa hapa, alikuwako mwanamke aitwaye Nyanzobe. Watu wa huko wakifunga majani ya ng'ombe mpaka leo wanamtaja. Wakizungushia malisho miiba, wanamtaja. Watawaambia alizaliwa na hekima. Waongo! Alizaliwa na macho mawili na moyo mmoja kama nyie, na moyo huo ulimsumbua. Ngojeni, mtaona.

Nyanzobe alikuwa mke mkubwa wa Lusesa. Hakujaliwa mtoto. Wanawake wenzake waliitwa mama fulani, mama fulani. Yeye aliitwa Nyanzobe, Nyanzobe tu, mpaka mvi zikaingia.

Mke mdogo aliitwa Milembe. Huyu alijaliwa mtoto wa kike, jina lake Limi. Lakini Limi alikuwa dhaifu, mikono kama vijiti, na maziwa ya mama yake yalikauka mapema. Mtoto akabaki anaishi kwa maziwa ya ng'ombe. Siku akipata, anacheka. Siku akikosa, analala tu, hata kulia halii.

Lusesa alikuwa mtu wa haki, au alijiona hivyo. Hakutaka kuambiwa anapendelea. Nyumba mbili akajenga sawasawa. Vihenge viwili vya nafaka, sawasawa. Ng'ombe wawili wa tumbo moja: Madoa akampa Nyanzobe, Kijivu akampa Milembe. Kilima cha malisho akakipasua katikati, nusu huku, nusu huku. Kisha kati ya nyua mbili akapanda minyaa, ikaota, ikashonana. Mnaujua mnyaa. Ukiukata unatoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukikuingia jichoni utautafuta mlango wako kwa kupapasa. Basi hakuna aliyeugusa ule ua.

"Hapa hakuna wa kugombana," Lusesa akasema, akacheka.

Wanaume! Haya, tuendelee.

Mvua ziliponyesha, kwa Milembe maziwa chwaa, kwa Nyanzobe maziwa chwaa. Kiangazi kikaja. Jua likakaa juu ya kilima na halikutaka kuondoka. Kwa Nyanzobe maziwa bado chwaa, chwaa, chwaa ndani ya kibuyu. Kwa Milembe?

Ti.

Akakamua tena.

Ti... ti.

Ng'ombe wa mama mmoja! Kilima kimoja! Milembe akakaa chini zizini kwake, kibuyu kitupu mapajani, akasikiliza upande wa pili wa ua. Akaanza kuimba kwa sauti ndogo ya kubana meno. Huu wimbo mtanisaidia:

*Yeye ana, mimi sina,*
*kwake chwaa, kwangu ti.*

Tena, kwa wivu kidogo! Mnaimba kama mnabembeleza mtoto.

*Yeye ana, mimi sina,*
*kwake chwaa, kwangu ti!*

Hivyo ndivyo.

Mara hodi mlangoni. Nyanzobe, na kibuyu kimejaa hadi shingoni.

"Mdogo wangu, mpe mtoto."

"Weka hapo."

"Bado ya moto."

"Nimesema weka hapo."

Nyanzobe akaweka, akaondoka. Milembe hakukigusa kibuyu mpaka nyayo zilipokwisha kusikika. Angeweza kuyamwaga maziwa yale. Alitaka kuyamwaga! Lakini Limi alikuwa amelala pale, macho nusu. Basi akamnywesha. Kila funda aliloshusha mtoto, mama yake lilimchoma kifuani.

Kiangazi chote kikaenda hivyo. Hodi, weka hapo. Hodi, weka hapo. Limi akanenepa. Limi akaanza kutambaa. Na siku moja Nyanzobe alipofika na kibuyu, Limi akatambaa hadi miguuni pake, akainua mikono, akasema neno lake la kwanza.

"Mama."

Nyanzobe akasimama kama amepigwa. Akacheka kidogo, akafuta macho. Milembe akamnyakua mtoto kutoka chini.

"Maziwa utatupa," akasema. "Mtoto hutampata."

"Sijaomba mtoto, mdogo wangu."

"Usiniite mdogo wako!"

Siku ile Milembe alimwambia Lusesa waziwazi, "Huyu mkeo ana dawa. Ng'ombe wangu anamfunga maziwa, wake anamfungulia. Nakuambia leo: kiangazi kijacho mwanangu atakunywa maziwa ya ng'ombe wa mama yake. Asipokunywa, namfunga mgongoni, narudi kwetu, na hutatuona."

Lusesa akacheka, maana alizoea kucheka. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamfia mdomoni. Milembe hakuwa akitania.

Basi Milembe akaanza kuitafuta ile dawa. Akatembea kando ya ua wa minyaa, akainama, akainuka. Lazima iko mahali. Imezikwa. Imening'inizwa. Akafika pembeni, karibu na jiwe la kusagia, na hapo, palepale usawa wa jicho lake, akaliona tundu. Tundu dogo, duara, safi. Akaweka jicho.

Akaona uwanja wote wa Nyanzobe. Zizi, kichanja cha majani, hata mteremko wa malisho.

"Nimekupata," akasema moyoni. Hakujiuliza nani alitoboa. Mwenye wivu akipata pa kuchungulia, atauliza ya nini?

Mvua zikaanza, na Milembe akaanza kazi yake. Kila kukicha, jicho kwenye tundu. Chungu kikiungua, kiungue! Alitaka kuiona dawa. Na mnajua alichokiona?

Mwanamke anasema na ng'ombe.

"Madoa," Nyanzobe alisema, tena kwa sauti ya kuita watu sokoni, "leo tunakula kipande hiki cha chini. Kile cha juu usikiguse, tulikila juzi, hakijapumua. Majani yakikatwa hadi shina hayana nguvu ya kurudi. Unaona miiba niliyoweka? Huko hupiti."

Milembe akaguna. "Mzee kachanganyikiwa." Lakini akaangalia. Kilima cha Nyanzobe kilikuwa kimekatwa vipande kwa matawi ya miiba. Ng'ombe yuko kimoja, vingine vimelala vinakua. Akageuka kutazama cha kwake. Kijivu alikuwa anazurura kote, anauma hapa, anauma pale, anang'oa hata mizizi.

Siku ile ile Milembe akakata miiba.

Siku nyingine Nyanzobe yuko na mundu. "Madoa, majani haya yametoa maua. Ndiyo saa ya kuyakata. Tukingoja yatoe mbegu yatakuwa makuti tu. Nayatandaza kivulini, nayageuza, yakikauka yabaki na rangi yake. Na kichanja nakiinua juu, mchwa wasile akiba yetu."

Milembe mbio kutafuta mundu.

Viazi vilipochimbwa, Nyanzobe akapiga kelele kuwa majani ya viazi hayatupwi. Maharage yalipopurwa, akapiga kelele kuwa maganda yake ni chakula. Mtama ulipovunwa akapiga kelele, "Mabua haya tunayakatakata, Madoa, mazima utayachezea tu!" Na kila aliloliona, Milembe alilifanya, kwa hasira, kwa kuuma meno. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kusoma kwa chuki namna ile.

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Kila akitoka kuchungulia alikuwa na jivu shavuni.

"Jivu la nini hilo?" Lusesa akauliza.

"La jikoni. Kwani mimi sipiki?"

Akalifuta, akasahau.

Kiangazi kikarudi. Jua likapanda juu ya kilima, likakaa. Milembe akamfungulia Kijivu kichanja. Akachukua kibuyu, akachuchumaa, akashika chuchu.

Chwaa!

Akakamua tena.

Chwaa, chwaa, chwaa!

Alicheka peke yake zizini hadi ng'ombe akageuza kichwa. Limi akanywa maziwa ya mama yake, akanywa mpaka yakamtoka puani.

Hodi mlangoni. Nyanzobe na kibuyu chake kimejaa hadi shingoni.

"Mdogo wangu, mpe mtoto."

Milembe akatoka, mkono kiunoni. Hakusema "weka hapo." Neno hili alikuwa amelitengeneza mwaka mzima. "Rudi nayo. Humu tumeshiba."

"Hata kidogo?"

"Hata tone. Na mtoto amelala, usimwamshe."

Mtoto hakuwa amelala. Alisikika ndani akicheka. Nyanzobe akasimama pale mlangoni na kibuyu chake mpaka mkono ukamchoka, halafu akarudi kwake. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Kumbukeni hapo. Nitaparudia.

Milembe alifurahi? Alifurahi. Lakini wivu si mgeni wa kuaga mapema. Akarudi kwenye tundu. Sasa alitaka kumpita. Akamwona Nyanzobe akikamua, akahesabu kwa masikio: chwaa zake ni nyingi kuliko zangu! Bado ananizidi! Anafanya nini nisichokiona?

*Yeye ana, mimi sina...*

Uongo, unayo! Lakini nani atamwambia?

Mwisho wa kiangazi mvua moja ikaja mapema, ya kushtukiza. Kilima kikajifunika kijani. Na katika vile vipande vilivyopumzishwa zikaota kunde pori, laini, tele, zinatambaa juu ya ardhi. Asubuhi moja Milembe akaweka jicho kwenye tundu, akamwona Madoa katikati ya zile kunde, anakula na kula, na Nyanzobe amesimama kando, kimya. Hakusema neno siku ile. Hakuna "Madoa, hivi," wala "Madoa, vile." Jioni ile chwaa za upande wa pili hazikuwa na mwisho.

"Ndiyo dawa yenyewe!" Milembe akasema. "Ndiyo maana alinyamaza. Kunde pori!"

Basi alfajiri akaamka kabla ya mwenzake, ili leo awe wa kwanza. Hakungoja umande ukauke. Kijivu alikuwa na njaa, tumbo tupu, hajatia kitu mdomoni. Milembe akamfungulia miiba, akamwingiza kwenye kunde zilizolowa.

"Kula! Kula, mama! Leo tumpite."

Kijivu akala. Nyam, nyam, nyam. Akala kama mtu aliyealikwa harusini. Kisha akaacha kula. Akasimama. Akatazama ubavu wake wa kushoto kama anashangaa. Ubavu ukaanza kupanda. Ukapanda, ukapanda, ngozi ikavutika. Milembe akaugonga kwa kiganja.

Du! Du!

Kama ngoma.

Kijivu akatoa ulimi. Akapumua kwa shida, hff, hff. Magoti yakalegea. Milembe akapiga yowe, na katika yowe lile hakumwita Lusesa, hakumwita mama yake mzazi.

"Dada! Dada Nyanzobe! Njoo, ng'ombe wa mtoto anakufa!"

Mlisikia? Dada. Lilitoka lenyewe.

Nyanzobe hakuzunguka kwenye lango. Alipita palepale kwenye ua, akaisukuma minyaa kwa mgongo, utomvu ukamtiririka mikononi, akatokea upande wa Milembe na kijungu cha samli kwapani, samli ile aliyoiweka mwaka mzima kwa wageni wa mavuno.

"Usimwache alale! Akilala amekwisha. Kamba!"

Milembe akaleta kamba.

"Kijiti, kinene kama gumba lako!"

Akaleta kijiti. Nyanzobe akakiweka mdomoni mwa ng'ombe, akakifunga nyuma ya pembe, na Kijivu akaanza kukitafunatafuna, mate yakashuka. Wakamgeuza miguu ya mbele ikakanyaga palipoinuka. Nyanzobe akammiminia samli yote, yote, hakubakiza ya kupaka ugali. Kisha wakakanda ule ubavu, mmoja huku, mmoja huku, vichwa vyao vinagusana.

Kanda. Kanda. Du, du.

Kanda. Kanda. Du, du.

Limi amesimama mlangoni, kidole mdomoni, anawatazama mama zake wanavyolia na kukanda.

Kisha ng'ombe akafungua koo.

BWAAAAAH!

Cheka, cheka tu, hata mimi nilicheka niliposimuliwa. Upepo ulitoka wenye harufu ya kunde. Ukatoka tena, bwaah, na tena. Ubavu ukashuka. Kijivu akatikisa masikio.

Wale wanawake wawili wakaketi chini matopeni, hawana nguvu. Milembe ndiye aliyeanza kusema.

"Wa kwako alikula kunde hizo hizo. Nilimwona."

"Ulimwonea wapi?"

Milembe akainamisha kichwa. "Kuna tundu kwenye ua. Nakuchungulia tangu mwaka jana."

"Najua."

"Unajua?"

"Nililitoboa mimi."

Milembe akamtazama asiamini. Nyanzobe akaendelea, huku akifuta utomvu mikononi kwa jivu alilolitoa kwenye pindo la kanga yake.

"Ungekubali nikufundishe? Neno langu ungelitema mlangoni. Basi nikaacha uliibe. Uliona wapi mtu mzima anapigia ng'ombe kelele vile? Koo liliniuma. Na jicho lako, Milembe, liliwahi kuwasha hata siku moja? Mnyaa uliokatwa hutoa utomvu. Nilikuwa napaka jivu kwenye tundu kila asubuhi kabla hujaja."

Milembe akagusa shavu lake. Akakumbuka. Akataka kulia, lakini swali moja lilikuwa bado limebaki.

"Sasa mbona la kunde hukulisema?"

Hapo Nyanzobe naye akainamisha kichwa. Mke mkubwa, mwenye mvi, akainamisha kichwa mbele ya mke mdogo.

"Madoa nampa fungu la majani makavu kwanza. Akishiba kikavu, na umande ukikauka, ndipo namwingiza kwenye kunde, kidogo tu, namtoa. Kikavu hicho nilimpa nyuma ya zizi. Tundu halifiki huko."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Kwa nini, dada?"

"Siku ile uliponirudisha na kibuyu. Nilimsikia mtoto anacheka ndani, nami nimeambiwa amelala. Unafikiri wewe peke yako una wimbo? Mimi nilikuimbia huko nyuma ya zizi."

Akaimba, taratibu:

*Yeye ana, mimi sina,*
*kwake mama, kwangu moo.*

"Nilisema moyoni: mtoto anaye, mume anacheka kwake, maziwa sasa anayo. Acha hili moja libaki langu. Sikujua utafungulia alfajiri. Lakini nilijua unachungulia, nikakaa kimya. Kijivu angekufa, ningekuwa nimemuua mimi, na Limi baada yake. Nisamehe, mama Limi."

Mngekuwa nyie mngefanya nini? Mngemfukuza? Milembe aliinuka, akamchukua mtoto pale mlangoni. Akamweka juu ya mapaja ya Nyanzobe, na matope yake yote.

"Mama Limi unamwita nani?" akasema. "Tupo wawili."

Tangu siku ile hakuna aliyemwita Nyanzobe tena, akabaki Mama Limi mkubwa mpaka alipozikwa. Lile pengo alilolifungua kwa mgongo wake halikuzibwa. Walikata matawi yaliyobaki, wakapaka jivu, likawa njia. Kilima wakakiunganisha, wakakigawa upya kwa miiba, vipande vingi, ng'ombe wawili pamoja. Na kila jirani aliyefika kutazama aliitwa nyuma ya zizi kwanza, aone lile fungu la kikavu, kabla ya kuonyeshwa kitu kingine chochote. Lusesa, aliyekuwa safarini siku zile, alirudi akakuta ua wake una shimo la kupita ng'ombe. Alifungua mdomo aseme habari za haki na usawa. Wakamtazama wote wawili. Akaomba maziwa.

Sasa nyie mlionisikiliza, chukueni hili mwende nalo. Wivu usijidai huna. Unao, nami ninao. Ukimwona anayekuchungulia, msafishie pa kuweka jicho. Lakini ukianza kumwonyesha, mwonyeshe mpaka nyuma ya zizi, maana kile kidogo ulichomficha ndicho kitakachomwangusha, na utapita kwenye minyaa kwa mgongo kwenda kumwinua.

Ng'ombe wameingia, miiba nimerudisha, na hadithi yangu nimeifunga humo humo. Wewe wa karanga, lete mkono wako tuone kama ulibakiza.